Pua ya Kuazima

Sehemu ya Tisa

"Nusa," alisema Meneja.

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Pua wiki iliyopita, na najua kuna waliokasirika. Mama mmoja amenitumia ujumbe kuwa ameunguza sufuria akisoma, na kwamba nikithubutu kumfukuzisha Bi Pua kazi, sufuria ni juu yangu. Mama, vumilia. Leo utaunguza na birika.

Turudi kituo cha maziwa, saa mbili asubuhi. Kwenye meza ya saruji zimepangwa keni tano za aluminiamu, vifuniko vimebana. Nne zina maziwa mazima. Moja imechacha, na anayejua ni ipi ni Meneja peke yake. Wafugaji wameacha foleni yao wamejazana mlangoni, wapakuzi wamekaa juu ya makreti. Wifi, ambaye kila siku husimama kushoto kwa Bi Pua na upawa mkononi, ametolewa nje na upawa wake amenyang'anywa.

Kwa aliyetukuta njiani, habari ni hii.

Jina la Bi Pua hakupewa na mama yake, alipewa na wafugaji. Miaka kumi na miwili amesimama kwenye mlango wa kupokelea maziwa, akiinua kifuniko na kunusa ile pumzi ya kwanza, maana ukichelewa kidogo harufu imeshakwenda zake. Keni mia mbili zinapita kwa saa mbili. Huwezi kutia spiriti ya kupimia, ile inayokatisha maziwa mabovu, katika kila moja, kwa hiyo pua ndiyo inayochagua ipi ipite na ipi ikapimwe. Alijua ng'ombe wa nani kala vitunguu, na nani kaosha keni kwa sabuni asisuuze. Wafugaji walimwogopa kuliko askari.

Kisha korona ikamlaza siku kumi na mbili. Alipoinuka, kila kitu kilikuwa kimepona isipokuwa pua na ulimi. Kitunguu na karatasi vikawa kitu kimoja.

Mume wake, ambaye ndiye Dereva wa lori linalokusanya maziwa kwa wafugaji, alimwambia wasimwambie mtu. Pua ni kazi yako, alisema, ukitangaza kuwa pua imekufa umeitangaza na kazi. Ni yeye aliyeleta wazo la kumwingiza dada yake, Wifi, awe mkorogaji. Keni ikifunguliwa, Wifi angekoroga na kunusa kwa siri. Maziwa yakiwa mazuri angenyamaza. Yakiwa mabaya angegonga ukingo wa keni mara moja kwa upawa, kama mtu anayekung'uta matone, na Bi Pua angekunja uso na kusema, "Rudisha."

Mpango ukaenda miezi minne bila mtu kushtuka. Hadi juzi, tangi zima la lita elfu tatu lilipoganda, na mtu asiyejulikana akampigia Meneja simu kumwambia kuwa mnusaji wake hana pua.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wazee. Pua ya kuazima nayo sasa ilikuwa imesimama nje ya mlango, inalia.

"Bi Pua," Meneja alirudia, "watu wanasubiri."

Bi Pua alisogea mezani. Akainua kifuniko cha kwanza, akainama.

Mpira unaoungua.

Akarudisha kifuniko taratibu. Sasa nikutobolee siri ambayo hata Wifi hakuijua. Wiki tatu zilizopita, pua ya Bi Pua ilianza kufufuka, lakini ilifufuka na wazimu. Muuguzi wa zahanati alimwambia ndivyo inavyokuwa kwa wengi waliougua korona, pua hurudi nyumbani kama mlevi, ikigonga mlango wa jirani. Sabuni ilimnukia mzoga. Kahawa ilimnukia plastiki. Na maziwa mabichi, yale mazuri yenye uvuguvugu wa ng'ombe, yalimnukia mpira unaoungua. Usiku alimwambia mumewe peke yake, akilia. Dereva akamkumbatia, akamwambia itapita, ila asimwambie Wifi asije akamchanganya.

Keni ya pili. Mpira unaoungua.

Ya tatu, mpira unaoungua, mpaka machozi yakamlenga.

Akafungua ya nne. Akasubiri moshi wa mpira, haukuja. Badala yake ilikuja harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, nzuri mno, harufu ya mtu kusimama barazani na kushukuru. Akavuta tena. Mvua.

Ya tano ilikuwa mpira kama wenzake.

Bi Pua alisimama wima. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi ambayo hakijaifanya kwa miezi. Pua yake ilikuwa mwongo, hilo alilijua. Lakini mwongo anayesema uongo uleule kila siku anaweza kutegemewa, kazi yako ni kumgeuza tu. Kama uzuri ulinuka ubaya, basi ubaya ulinukaje?

"Ya nne," alisema. "Rudisha."

Meneja alichukua upawa. Alichota maziwa ya keni ya nne, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe cha kioo, akatikisa. Maziwa yakakatika mapande mbele ya macho ya watu wote. Mfugaji mmoja akapiga makofi, mwenzake akasema aliyepiga simu akaoshe mdomo. Wapakuzi wakacheka kwa sauti.

Bi Pua hakucheka. Ile harufu ya mvua haikuwa ngeni kwake.

Wiki tatu zote, kila asubuhi, katikati ya keni mia mbili za mpira unaoungua, kulikuwa na keni moja iliyonuka mvua. Alikuwa akiisubiri. Ndiyo ilikuwa mapumziko yake ya siku, alikuwa akiinama juu yake kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kama mtu anayepoza uso kwenye kivuli. Aliijua kwa namba yake iliyopakwa rangi ya kijani ubavuni. Arobaini na moja.

Na upawa haukuwahi kuigonga hata siku moja.

* * *

Ofisini Meneja alifunga mlango na kumvutia kiti. Bi Pua alidhani anaombwa radhi, na kweli alianza kuombwa. Meneja alisema amejisikia vibaya kumweka mbele za watu kama mwizi wa kuku. Kisha akakaa, akaweka viganja mezani.

"Sasa nisaidie jambo moja. Kama pua yako ni nzima, yale yaliyoharibu tangi langu yalipitaje?"

Bi Pua aliangalia vile viganja.

"Maana nimepata njia mbili tu," Meneja aliendelea. "Ama hukuyanusa, na leo umebahatisha, na umetudanganya tangu uugue. Ama uliyanusa ukanyamaza. Ya kwanza ni uongo. Ya pili ni wizi. Chagua."

Unaona, msomaji? Mtihani aliofaulu ndio uliomfunga kamba. Angeufeli angefukuzwa kazi, yakaisha. Kwa kufaulu amegeuka mshukiwa.

Bi Pua akauliza ni nani aliyepiga simu. Meneja akasema mpigaji hakutaja jina. Alikuwa mwanamume, mtu mpole, anayeongea kama mwenye uchungu. Alisema pua ya yule mama imekufa tangu korona, mtoeni kabla hajaua watu, na nafasi yake mpeni yule binti anayekoroga, yeye anaweza.

Binti anayekoroga. Moyo wa Bi Pua ukaruka na kutua kwa Wifi. Akakumbuka Wifi ana mchumba. Akaona picha nzima, Wifi amechoka kuwa kivuli, amemtuma mchumba wake apige simu, na tangi limeharibiwa makusudi ili yeye aondoke. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unayesoma hapo huenda umeshamfikiria mtu mwingine. Bi Pua naye alikuwa na uwezo wa kumfikiria huyo mtu, ila hakutaka, na kutotaka kujua ni kazi nzito kuliko kunusa.

Meneja alimpa muda hadi kesho saa moja asubuhi, kabla keni ya kwanza haijafunguliwa. Aje na jibu. Asipokuja na jibu, hasara ya tangi lote ni juu yake, na miaka kumi na miwili ya jina lake itafutwa ubaoni kwa kitambaa.

* * *

Alimkuta Wifi nyuma, kwenye mabomba ya kuoshea keni, buti za mpira zimejaa maji, macho mekundu.

"Wifi, kunusa nilikufundisha mimi," alisema Bi Pua.

"Ndiyo, wifi."

"Arobaini na moja inanukaje?"

Brashi ilimponyoka Wifi, ikazama ndani ya keni. Hakuihangaikia.

"Imechacha," alisema. "Kila siku imechacha."

"Na hugongi."

Wifi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Nigonge vipi wakati mlikubaliana? Kaka alisema ni wewe uliyesema ipite. Kwamba ni ya mama, na unaona haya kuniambia kwa mdomo wako."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Bi Pua alinyoosha mkono akayafunga.

Namba arobaini na moja ilikuwa ya mama mkwe wake, kweli. Lakini mama mkwe alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo alikufa kwa kuvimba tumbo mwaka jana. Bi Pua mwenyewe alikwenda kumpa pole, akashinda naye kutwa. Ng'ombe alizikwa, namba yake haikuzikwa.

Wifi akamwaga yote, kwa sauti ya chini, huku akiangalia mlango. Kaka yake alikuwa akizunguka kwenye migahawa jioni akichukua maziwa yaliyolala, yale ambayo wenyewe wangeyamwaga. Asubuhi anayatia kwenye keni ya mama na kuyapandisha kwenye lori pamoja na ya wafugaji. Ilikuwa keni moja. Juzi zilikuwa nne, zote zimeandikwa arobaini na moja, na Bi Pua akakumbuka kuwa siku hiyo mvua ilimnukia mara nne. Wifi aliogopa, akamuuliza kaka yake kama ana hakika. Akajibiwa kuwa mwenye pua ameshasema ndiyo.

"Na simu kwa Meneja? Mchumba wako ndiye aliyepiga?"

"Mchumba gani, wifi? Tuliachana kabla hujaugua. Ulinifuta machozi wewe mwenyewe."

Ni kweli, alimfuta, woga ndio uliomsahaulisha. Bi Pua akakaa juu ya keni iliyopinduliwa. Ukimtoa muuguzi wa zahanati, watu waliojua kuhusu pua yake walikuwa wawili tu duniani. Mmoja yuko hapa, analia mpaka kwikwi zinamkata maneno.

Mtu mzima akishindwa la kufanya hufanya la kila siku. Bi Pua alivuta mkoba wake, akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko na kumpa Wifi atulize moyo.

Hiyo chupa ina habari yake. Dereva, katika miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kujua kiberiti kinawekwa wapi. Lakini tangu Bi Pua augue, aliamka kabla yake kila alfajiri, akapika chai, akajaza kikombe kimoja na chupa moja, akamletea kitandani. Majirani walimwambia mwenzetu umeolewa, sisi tunafuga. Bi Pua hakuipata ladha ya ile chai hata kidogo, ila moto wake aliupata, na kule kuamkiwa alikupata. Aliinywa mpaka tone la mwisho kwa heshima. Kiu tu ndiyo ilikuwa inamsumbua siku hizi, alikunywa maji kutwa kama ngamia, akailaumu korona.

Wifi alipiga funda moja. Akalitema palepale, juu ya buti zake.

"Wifi. Hii ina chumvi."

"Atakuwa amekosea kopo. Mwanaume na jiko..."

"Hii si ya kukosea kopo. Hii ni ya kukaushia ngozi." Wifi alipangusa ulimi kwa mgongo wa mkono. "Unaimaliza yote hii?"

"Yote."

"Kila siku?"

Bi Pua aliitikia kwa kichwa.

Wifi alikiangalia kile kifuniko cha chupa, kisha akasema polepole, kama anayeogopa maneno yake mwenyewe, kwamba kaka yake humuuliza kila jioni kama chupa imerudi tupu. Siku zote alidhani ni mapenzi. Alikuwa hata akiwasimulia wenzake, akiomba naye apate mume wa namna hiyo.

"Na mimi huniuliza," alisema Bi Pua. "Tukila usiku. Huniuliza, mama, chai ya leo ilikuwaje."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia ilikuwa tamu."

Wifi alikiweka kile kifuniko chini, mbali na buti zake.

Haikuhitaji mwalimu kuieleza. Chumvi ilikuwa mlinzi. Siku ambayo Bi Pua angekunja uso na kutema, Dereva angejua kuwa mke wake ameamka, na arobaini na moja ingeacha kuja. Maadamu alikunywa na kushukuru, njia ilikuwa nyeupe. Na ule usiku alipomlilia kifuani kuwa maziwa yananuka mpira, kuwa pua inaanza kurudi, yule mume alikuwa anampapasa mgongo huku anapiga hesabu zake. Asingeweza kuisubiri pua imalize safari. Afadhali mwenye pua aondoke kituoni kabisa, na mlangoni asimame dada yake, ambaye hakatai analoambiwa na kaka.

Mtu mpole, anayeongea kama mwenye uchungu. Hivyo ndivyo Meneja alivyosema. Bi Pua aliifahamu sauti hiyo. Ndiyo iliyomposa.

Alimwomba Wifi jambo moja tu, asimwambie kaka yake neno. Wifi akaapa. Bi Pua akamwaga chai yote kwenye mtaro, akaisuuza chupa, akaifunga.

* * *

Nyumbani alitangulia kufika. Akaingia jikoni na koti lake jeupe la kazi bado mwilini, akashusha makopo mawili kutoka kwenye rafu. La sukari lilikuwa limejaa hadi shingoni, kama lilivyonunuliwa mwanzo wa mwezi. La chumvi alipoliinamisha, ulisikika mchakacho mdogo kwenye kitako.

Alisimama hapo na kopo mkononi kwa muda mrefu. Hasira haikuwa imefika bado. Kilichotangulia kilikuwa aibu, aibu ya kuhesabu asubuhi zote alizosema ahsante.

Dereva aliporudi alikuwa ameshasikia habari za mtihani. Mji mdogo haufichi kitu. Aliuliza akiwa anavua viatu, bila kuinua kichwa, ikiwa ni kweli amewashangaza watu leo.

Bi Pua alicheka. Hakujua kuwa anaweza kucheka vile. Akamwambia amebahatisha, keni tano, moja mbovu, akafumba macho akachagua. Pua imekufa vilevile. Hata ule mpira umeacha kunuka.

"Na Meneja?"

"Ameniomba radhi. Yamekwisha."

Dereva alivua kiatu cha pili. "Na chai ya leo ilikuwaje, mama?"

"Tamu," alisema Bi Pua, na akaona kabisa mabega ya mume wake yakishuka.

Usingizi ulipomkataa alijitafutia kisingizio, kama sote tunavyofanya. Labda Wifi amedanganya kuhusu keni. Labda chumvi ni wehu wa mwanaume asiyejua makopo. Miaka kumi na moja si wiki moja, na watoto wawili wamelala chumba cha pili. Akaamua kuwa atamjaribu kwa njia moja tu, ya haki, na akishindwa asimlaumu mtu.

* * *

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mlango wa chumba ulisukumwa kwa mguu. Dereva aliingia na kikombe mkono mmoja, chupa mkono mwingine, tayari amevaa jaketi la safari, akaurudishia mlango kwa kisigino.

"Mama, chai."

Bi Pua alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, amefunga kitambaa kichwani. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikiinua hadi karibu na midomo, akakishusha.

"Miezi minne unanipikia," alisema, "na hatujawahi kunywa pamoja. Leo anza wewe."

"Nimechelewa. Wafugaji wa mbali wananisubiri."

"Funda moja, baba watoto. Nifurahie tu."

Akamnyooshea kikombe.

Hapa nataka mjue alivyokuwa anaomba moyoni, maana kesho msije mkasema alikuwa mwanamke mgumu. Alikuwa anamwomba Mungu mume wake ateme. Ateme, akohoe, apige kelele kuwa jamani nimekosea kopo, nimekulisha chumvi mke wangu. Angemwamini. Hata kama ingekuwa uongo angeushika uongo huo kwa mikono miwili, akaenda kwa Meneja na kulibeba tangi lote peke yake. Alikuwa tayari kabisa.

Dereva alikitazama kikombe. Akamtazama mkewe. Kisha akakipokea, akanywa.

Hakunywa funda moja. Alikunywa chote, taratibu, macho yake hayakutoka usoni mwa Bi Pua, koo linapanda na kushuka. Alipomaliza alipangusa masharubu kwa kidole, akatabasamu lile tabasamu la siku ya posa.

"Tamu," alisema. "Kama mwenye kupikiwa."

Basi. Ndani ya Bi Pua kitu kilikatika mapande, kama yale maziwa kwenye spiriti. Chumvi angeisamehe. Keni angezisamehe, hata simu. Lakini mtu anayeweza kumeza kikombe kizima cha chumvi na kutabasamu, amemdanganya mara ngapi kwa mambo mepesi zaidi? Miaka kumi na moja alikuwa aking'atwa na kupulizwa, kama afanyavyo panya, na akausifu upepo.

Akasimama, akachukua koti lake jeupe msumarini.

"Leo napanda lori na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kupokea keni ya mama. Nataka niipokee hukohuko kwake, kwa mikono yangu. Nimwone na huyo ng'ombe."

Dereva aliweka kikombe kitupu chini. Bi Pua alipita mbele yake kuelekea mlangoni, na alipompita ilimjia kutoka kwenye lile jaketi harufu nzuri kuliko zote anazozijua sasa, udongo uliopigwa na mvua. Mvua ilikuwa haijanyesha mji ule kwa wiki tano.

Akashika kitasa. Kabla hajakizungusha, mkono wa mume wake ulitangulia juu ya wake, mpole kama siku zote. Ufunguo ukazunguka mara moja, ukatoka tunduni, ukaingia mfuko wa jaketi. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili. Kituoni, Meneja alisema saa moja.

"Kaa chini, mke wangu," alisema Dereva, akifungua kifuniko cha chupa. "Chai bado ipo."